Tembo Halilali

"Nionyeshe mashamba yenu ya mizabibu," aliniambia,
nikacheka hata spana ikaniponyoka.
Mama, zabibu hapa Malindi huja kwa boksi,
zimechoka na safari, bei yake kitoweo cha siku tatu.
Akakunja ramani. "Basi nipeleke
kule mnakokamulia kinachowachekesha watu."

Nikampa ile ya kijani, breki moja,
kengele yake ina kikohozi.
Ornella, miaka sabini na miwili, goti moja la chuma,
kofia ya buluu ya marehemu mumewe ikimfunika nyusi.

Tukaiacha lami kabla ya Ganda.
Mchanga ulivuta magurudumu
kama mtoto avutaye kanga ya mamaye.
Watoto wa njiani wakapaza, "Chao! Chao!"
Akawajibu kwa Kiswahili cha kitabuni, "Hamjambo nyote,"
wakaona haya, wakajificha nyuma ya mbuzi.

Huku tukikanyaga alinihadithia kwao:
vilima vimechanwa mistari kama kichwa cha binti siku ya Idi,
wageni wanapita katikati kwa baiskeli,
kila nyumba glasi moja,
hata mtu akifika nyumba ya tano
haijulikani nani anamsukuma mwenziwe.
Na divai hulala, alisema.
Ndani ya pipa, chini ya nyumba, gizani,
miaka saba, nyingine kumi na miwili.
Nikamwambia, mimi ndiye Lali kwa jina
na sijapata usingizi wa namna hiyo.

Tulisikia kotama ikinolewa kabla hatujamwona Thoya.
Akashuka kwa vidato alivyovichonga babaye,
mbuu kiunoni,
nyuki wawili nyuma yake kama wadai.

Mimi silinywi. Nalijua kwa pua tu:
la asubuhi lanukia dafu na maziwa,
la alasiri lanukia ugomvi.

"Hili la mwaka gani?" Ornella akauliza.
Nikatafsiri. Thoya akalitazama jua.
"La leo. Mwambie alinywe kabla halijabaleghe.
Jioni litakuwa kali, kesho kutwa siki.
Tembo halilali, mama."

Kabla ya kumpa mrija
akamwaga kidogo penye shina.
"La koma. Wao hutangulia."
Nikaeleza vibaya, kwa mikono,
kwa Kiitaliano changu cha mlango wa hoteli:
waliokufa, kiu, kwanza wao.

Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa.
Mumewe alifunga pipa mwaka aliozaliwa binti yao,
lifunguliwe siku ya harusi.
Binti hakuolewa.
Pipa likangoja, mume akangoja,
kisha mmoja wao hakungoja tena.
"Liko kule hadi leo," akasema. "Lina afya kunishinda."

Akavua kofia. Akaomba kata.
Akamwaga, si kidogo. Nusu nzima.
Mchanga ukatoa povu, ukalimeza.
Thoya alifungua mdomo, nadhani ataje bei,
akaufunga.
"Mwache," akaniambia kwa Kigiriama.
"Huyo alikuwa na kiu ya siku nyingi."
Ndipo akanywa yeye, macho wazi,
akapiga chafya, akaomba tena.

Kurudi, mwiba ulitoboa tairi langu la nyuma.
Nikabandika kiraka, yeye ameshika gurudumu
kwa vidole vyake vinavyonata.
Kichwa kitupu, paji limewiva kwa jua.
Nikamuuliza kofia iko wapi.
Hakunijibu. Akasema pampu yangu inavuja.

Wiki ya pili yake nilipita Ganda peke yangu
juu ya ile ya kijani.
Kileleni, kati ya makuti,
kitu cha buluu kilikuwa kikiinama na kuinuka, kazini.
Nikapiga kengele.
Ikakohoa.